Ruhusa ya Kupumua

Na ifahamike kwa wote, wakubwa kwa wadogo, waliokaa na waliosimama, kwamba hadithi hii inahusu jambo kuu kuliko yote yaliyowahi kuandikwa kwa kalamu. Haihusu mapenzi, wala vita, wala urithi wa mashamba. Inahusu uhai wenyewe: pumzi, ile inayoingia mtu anapozaliwa na kutoka anapoaga dunia, na katikati hapo huenda na kurudi bila kuombwa na mtu. Msimulizi wake anajua kila kitu, yuko kila mahali, na hana upande wowote. Wasomaji wakae vizuri.

Jumatatu moja, saa mbili na robo asubuhi, mwendesha lifti wa jengo la ofisi alikuwa kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mashavu yamevimba kama ameficha viazi viwili, macho yamemtoka, uso umegeuka rangi ya biringanya. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa amekabwa na kitu. Alikuwa tu hapumui.

Mlango ulifunguka ghorofa ya tatu. Hakukuwa na mtu anayesubiri. Mwendesha lifti aliachia pumzi kwa kishindo mpaka karatasi ya juu kwenye mafaili ya karani mmoja aliyekuwa abiria ikaruka nje.

"Kapteni," alisema karani, akiifuata karatasi yake kwa macho, "mbona tunasimama tena? Sote tunaenda ya saba."

"Ya tatu," alisema mwendesha lifti, akihema. "Kuna anayeshuka?"

"Nimekwambia sote ya saba."

"Basi tuendelee." Alivuta hewa kama mtu anayejiandaa kupiga mbizi, akabonyeza kitufe, mlango ukajifunga, mashavu yakavimba upya.

Walimwita Kapteni kwa sababu ya kofia yake yenye ukingo wa kung'aa. Lifti ile ilikuwa ya zamani na vitufe vyake vilikuwa na kiburi; vilimtii yeye peke yake, vikibonyezwa kwa pembeni, kwa dole gumba, kwa upole. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipanda kutoka chini hadi ya saba huku anasimulia mechi nzima ya mpira, na goli la mwisho lilifungwa mlango ukifunguka. Sasa, kwa miezi mitatu, hakusimulia chochote, na alisimama kila ghorofa. Kitabu cha malalamiko pale mapokezi kilikuwa kimejaa. Mtu mmoja aliandika: "Leo nimeishinda lifti kwa ngazi, na nina goti bovu."

Siku hiyo hiyo, adhuhuri, meneja wa jengo alimwita mapokezini. Meneja alikuwa mtu mnene, mwenye tai na mkoba, ambaye naye kwa miezi mitatu alikuwa akipanda ngazi mpaka ofisini kwake ghorofa ya saba, akifika amelowa kama nguo iliyotolewa kwenye beseni. Alisema daktari kamshauri mazoezi. Alimkabidhi Kapteni barua mbele ya msichana wa mapokezi na wafagiaji wawili.

"Isome kwa sauti," alisema, "ili kesho tusije kusema hatukusikia."

Kapteni aliisoma kwa sauti. Ijumaa saa nne, mkaguzi kutoka makao makuu angekuja. Lifti ingepanda kutoka chini hadi ghorofa ya saba bila kusimama. Iwapo ingesimama njiani "kwa sababu zinazomhusu mwendeshaji mwenyewe," nafasi ya mwendeshaji huyo ingepewa mtu mwingine siku hiyo hiyo. Wafagiaji wakajifanya wanafagia mahali pasafi.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, mkuu."

Muda wote huo meneja hakumtazama usoni hata mara moja. Aliongea na viatu vyake, kisha akageuka na kuanza kupanda ngazi.

Nyumbani, mkewe aliipokea ile barua akiwa na pini sita midomoni. Alikuwa fundi cherehani, na watu wote walimwita Fundi, mumewe akiwemo. Sebule yao ndiyo ilikuwa karakana: cherehani dirishani, nguo za wateja zimening'inia mpaka kwenye fremu ya mlango, na aliyetaka kuketi ilimbidi kwanza apishane na gauni la bi harusi. Fundi aliongea na pini midomoni tangu ujana wake, na familia ilimwelewa vizuri tu. Alipozitoa, moja moja, na kuzichoma kwenye kimto chake, ndipo kila mtu alijua mambo yameharibika.

Siku hiyo alizitoa zote sita.

"Baba watoto, hizi sababu zinazomhusu mwendeshaji mwenyewe ni zipi?"

"Maneno ya ofisini tu hayo."

"Nimeuliza ni zipi."

"Huwa nasimama kidogo kila ghorofa."

"Unasimama kufanya nini?"

Kapteni alivua kofia, akaigeuza, akaivaa tena. "Kupumua."

"Na kati ya ghorofa na ghorofa?"

"Hapo sipumui."

Fundi alimtazama kama anavyomtazama mteja aliyekuja kuchukua nguo ambayo hakuileta. "Miaka kumi na tisa unapumua humo humo. Leo hewa imepigwa marufuku?"

Ndani ya nyumba hiyo alikuwemo pia mtoto wao wa pekee, binti wa miaka kumi na sita, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni: mtulivu, mwenye adabu, tegemeo la familia, na ambaye mchango wake katika hadithi hii ni mdogo sana. Wakati huo alikuwa akitoa sahani kwenye kabati la vyombo. Alipofunga mlango, kitasa kikalia *kli*. Mashavu ya baba yake yakavimba.

Binti akafungua. Baba akapumua. Akafunga: mashavu. Akafungua: pumzi. Kwa kiu ya elimu tu, alifungua na kufunga mara saba.

"Wewe, hebu acha," alisema mama.

"Ni utafiti, mama."

"Utafiti gani huo, unamjaza baba yako upepo kama tairi?"

Lakini Fundi mwenyewe alikuwa ameona. Alisimama akaenda kufunga friji. Mashavu. Kabati la nguo. Mashavu. Dirisha, ambalo halikuwa na kitasa chenye mlio, halikufanya kitu. Chochote chenye mlango na *kli* kilimkata pumzi mumewe pale alipo, kijiko mkononi.

Kapteni aliketi polepole kwenye kiti cha wateja. "Mimi nilidhani ni kwenye lifti tu," alisema. "Kumbe hata hapa nyumbani."

Hakuna aliyecheka. Fundi alimwekea mkono mgongoni, akaukuta mgumu kama ubao wa kupigia pasi.

"Kesho tunaenda kliniki," alisema.

Nesi wa kliniki ya mtaa alikuwa mama mwenye moyo mwema na sauti iliyofika getini. Kati ya meza yake na benchi la wagonjwa palikuwa na pazia, na pazia hilo lilizuia macho tu.

"Baba, unapumua?" aliuliza, kama anayeuliza unavuta sigara.

"Mara nyingine."

Benchi zima likasogea karibu na pazia.

Nesi alimwekea mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni. "Pumua nione. Aha. Unapumulia mabegani. Mtu akishtuka, baba, pumzi hupanda juu, huwa fupi, au husimama kabisa. Hilo halina aibu, hata paka hufanya hivyo. Shida ni pale hatari ikishaondoka, halafu pumzi haijaambiwa irudi chini. Mwili una kumbukumbu kuliko karani wa masjala. Unasikia *kli*, wenyewe unafungua faili. Sasa niambie, faili hilo ni la nini? Miezi mitatu iliyopita kulitokea nini?"

"Hakuna kitu."

"Alikwama ndani ya lifti kwa saa nne," alisema Fundi.

"Tatu na nusu," alisema Kapteni. "Umeme ulikatika, jenereta ikagoma."

"Ulikuwa peke yako?"

"Na meneja."

"Mlifanya nini humo saa zote hizo?"

Kapteni alilitazama pazia, na miguu ya watu chini yake. "Tulikaa."

"Mlikaa tu?"

"Tulikaa kwa utaratibu."

Nesi na Fundi walitazamana. Nesi hakumbana zaidi. Alimfundisha kuweka mkono tumboni, kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. "Inayotoka iwe ndefu kuliko inayoingia. Hiyo ndefu ndiyo inayouambia mwili kwamba mambo yameisha. Moja, mbili, tatu, nne. Toa." Ng'ambo ya pazia benchi zima likatoa pumzi kwa pamoja. Mzee mmoja aliyefungwa bandeji mguuni akatangaza kwamba sasa hata mguu unauma kidogo tu.

"Wewe mguu wako usubiri zamu yake," alisema nesi.

Jumatano, alipotoka tu kazini, Kapteni aliingizwa kwenye kabati la nguo. Hapakuwa na lifti nyingine ya kufanyia mazoezi. Fundi alikaa nje akishona, binti akahesabu, na mambo yalikwenda vizuri mpaka mlango ulipolia *kli*. Hapo hesabu ilimpotea, na ndani ya kabati kikatanda kimya cha kutisha mpaka wamfungulie.

Jawabu lilipatikana Alhamisi, na lilitoka kwenye mkasi. Fundi alikuwa anakata kitambaa cha bi harusi, kile cha kuteleza ambacho ukikosea hakina msamaha. Alikikata kama alivyofundishwa siku ya kwanza ya ufundi: mkasi utembee na pumzi inayotoka, taratibu, bila kusimama hadi mwisho wa kipande. Fundi anayezuia pumzi mkono wake hutetemeka, na kitambaa hupata meno. Kapteni alikuwa akimtazama kupitia upenyo wa kabati.

"Fundi, unapopuliza hivyo unawaza nini?"

"Nawaza mwisho wa kitambaa."

"Sasa mimi nipulize nini?"

Fundi alishusha mkasi. "Ghorofa zako," alisema. "Zitaje. Mtu anayetaja kitu hawezi kuzuia pumzi, hata akitaka. Ila usiseme tu ya kwanza, ya pili. Livute neno mpaka ufike."

Basi kabati likaanza kutoa sauti. "Ghorofaaaa ya kwaaanza. Ghorofaaaa ya piiili." Mteja mmoja aliyekuja kuchukua suruali alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani.

"Fundi, kabatini kuna nani?"

"Mume wangu."

"Anaimba?"

"Hapana, anapanda. Yuko ghorofa ya tatu."

Mteja aliondoka bila kujaribu suruali.

Hata hivyo, kila mara Kapteni alipofika ya nne, sauti ilikatika. Alirudia mara kumi. Kwanza, pili, tatu, nne, kimya. Fundi akafungua kabati, akamkuta ameketi chini ya makoti, mashavu yamevimba, jasho linamtiririka.

"Baada ya ya nne kuna nini?"

"Ya tano."

"Nakuuliza kweli, mume wangu. Mlikwama hapo?"

"Hapo." Alijifuta jasho kwa mkono wa koti ambalo halikuwa lake. "Kuna maagizo."

"Maagizo ya nani?"

Kapteni alitoka kabatini, akaenda kuoga. Fundi alibaki ameshika mkasi. Ijumaa ilikuwa kesho yake, na mumewe alikuwa na ghorofa nne kati ya saba.

Ijumaa asubuhi kofia ilipotea. Kapteni aliitafuta mpaka akachelewa, ikambidi aende kazini kichwa wazi, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka kumi na tisa. Njiani aligundua pia kwamba kwenye kishada chake cha funguo palikosekana moja ndogo, ya kisanduku cha swichi ya lifti kilicho ukutani ghorofa ya nne. Hakuwa na muda wa kuitafuta.

Kofia ilipatikana baadaye mahali pa ajabu, chini ya godoro la binti, naye kwa huruma yake ya kawaida akaipeleka mpaka jengoni. Baada ya kuikabidhi alikwenda kukaa kwenye kantini ya jengo, akafungua kitabu cha hesabu, akasoma. Msomaji asimfikirie tena.

Mkaguzi alikuwa mwanamume mwembamba mwenye saa ya kupimia muda iliyoning'inia shingoni. Alisimama mbele ya lifti, akaitazama juu mpaka chini, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mimi nitabaki hapa," alisema, "niangalie hizi taa za juu ya mlango. Nikiwa ndani nitajuaje taa zinasemaje?"

"Sawa kabisa," alisema meneja. "Kapteni, panda."

"Na wewe panda naye, Meneja. Lazima awepo shahidi."

Meneja alibadilika rangi, kutoka yake ya kila siku kuwa ya majivu. "Mimi, mheshimiwa, nina programu ya ngazi. Daktari..."

"Ni dakika mbili tu."

Msichana wa mapokezi alikuwa anatazama. Wafagiaji walikuwa wanatazama. Meneja aliingia ndani kwa ubavu, akajibana kwenye kona, akaukumbatia mkoba.

*Kli.*

Kapteni aliweka mkono tumboni. "Ghorofaaaa ya kwaaanza," alitangaza, na pumzi ikatoka ndefu kama kitambaa. Ya pili ikapita. Ya tatu ikapita. Sauti haikukatika. "Ghorofaaaa ya nnnne."

Lifti ikashtuka, ikasimama. Taa ikazimika.

Giza likawa jeusi kweli kweli, na ndani yake kikaingia kimya cha wanaume wawili wasiopumua. Kilidumu kama dakika nzima. Aliyeshindwa kwanza alikuwa meneja.

"Kapteni," alinong'ona. "Upo?"

"Mmh."

"Mbona hupumui?"

Kapteni aliachia pumzi. "Uliniagiza, mkuu."

"Mimi?"

"Siku ile. Ulisema hewa ni kidogo, tuigawane kwa vyeo. Wewe pumzi mbili, mimi moja. Baadaye ukasema tatu kwa moja. Ilipofika kama saa ya pili ukasema, Kapteni, hebu zuia kabisa kidogo, mimi nina jengo la kuendesha."

Kitu kikasugua ukuta. Ilikuwa ni meneja anateleza chini mpaka kukaa.

"Nilisema hivyo?"

"Ukasema una watoto. Nikakwambia na mimi ninaye. Ukaniuliza wangapi, nikasema mmoja. Ukasema, sasa si unaona, wako ni mmoja tu."

Gizani ngozi ya mkoba ikalia, meneja akiukumbatia zaidi.

"Sikukasirika, mkuu. Niliona una hofu. Ila hukuyafuta yale maagizo. Tulipotolewa ulichukua mkoba ukaenda zako. Nikabaki sijui kama tunaendelea au tumesitisha."

Ndipo meneja alipoanza kulia. Hakulia kwa cheo. Alilia kwa kwikwi fupi fupi, kama cherehani inayokwama kwenye mshono mnene. "Unadhani napanda ngazi kwa sababu ya daktari? Hakuna daktari. Kwenye mikutano nafungua madirisha yote, watu wanashikilia karatasi. Nyumbani nalala mlango wazi, paka wa jirani wanalala kitandani kwetu, mke wangu ameniuliza kama nimerogwa. Na nikikuona wewe, nasikia ile sauti yangu. Ndiyo maana nikaandika ile barua."

"Ulitaka nifukuzwe."

"Nilitaka nisikuone." Pumzi zilikuwa zinamkimbia sasa, moja ikiikanyaga nyingine. "Kapteni, vidole vinakufa ganzi. Hewa inaisha."

"Haiishi, mkuu. Hapo juu kuna tundu la hewa, mimi ndiye ninayelisafisha. Hata siku ile lilikuwa wazi."

Kwikwi zikasimama. "Siku ile ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia nisipoteze hewa kwa kuongea."

 Kisha Kapteni alipapasa gizani, akakaa chini karibu na mkubwa wake, bega kwa bega.

"Weka mkono tumboni."

"Mkono upi?"

"Huo ulioshika mkoba. Mkoba weka chini, hakuna wa kuuiba humu ila mimi. Sasa vuta kwa nne. Halafu tunaitoa pamoja, ndefu. Tunaanzia chini."

Na aliyekuwa amesimama nje ya mlango ule, kama angekuwepo mtu, angesikia sauti mbili za wanaume wazima, moja nene na moja ya kamasi, zikitangazia giza: "Ghorofaaaa ya kwaaanza. Ghorofaaaa ya piiili. Ghorofaaaa ya taaatu. Ghorofaaaa ya nnnne."

Kapteni akanyamaza.

"Endelea," alisema meneja.

"Siwezi, mkuu. Maagizo."

"Nayafuta."

"Yote?"

"Yote. Pumua, Kapteni. Pumua utakavyo."

"Naomba kwa maandishi."

"Tuko gizani, bwana."

"Nitasubiri tukifika."

Halafu kifua chake kikafunguka. Ilitoka pumzi iliyokuwa imekaa humo miezi mitatu, ikatoka na kuendelea kutoka, ikawa nusu kicheko na nusu kilio, na mwisho wake ikageuka maneno: "Ghorofaaaa ya taaaano." Na hapo hapo, kwa bahati njema isiyohitaji kuchunguzwa na mtu, taa ikawaka.

Walipanda mpaka ya saba bila kusimama, Kapteni akitangaza na meneja akiitikia. Mkaguzi aliandika: "Hitilafu ya umeme, haimhusu mwendeshaji. Mwendeshaji ni mtulivu. Ana sauti nzuri." Jioni ile Kapteni alirudi nyumbani na karatasi yenye nembo ya jengo na muhuri: "Unaruhusiwa kupumua, kwa kiasi chochote, saa zote za kazi. Ruhusa hii haina kikomo." Fundi aliisoma mara mbili, akaibandika ukutani juu ya cherehani kwa pini zake nne bora kabisa. Siku hizi lifti haina malalamiko, isipokuwa mtu mmoja anayedai kwamba safari ni fupi mno na magoli hayaishi.

Hapa hadithi ilipaswa kufika mwisho, na ingefika, kama si kwamba mtu alikuwa anaisoma kwa nyuma ya bega.

"Wewe," alisema Fundi.

Kisha nikasikia pini zinachomwa kwenye kimto. Moja. Mbili. Tatu.

"Humo ndani walikuwa wawili. Baba yako hayo ya mtoto mmoja tu hajanisimulia hata mimi. Wewe umeyajua wapi?"

"Msimulizi anajua kila kitu, mama."

"Msimulizi ndiye nani? Na hiyo kantini uliyokuwa unasomea hesabu, ilifungwa tangu mwaka jana. Aproni zao zile pale, hawajaja kuzichukua."

Niliziangalia aproni. Zilikuwa nne, zimening'inia kama mashahidi. Mama hakuniuliza tena. Alinyoosha mkono tu, akasukuma mlango wa kabati la vyombo. *Kli.* Na mashavu yaliyovimba, safari hii, yalikuwa yangu.

Basi, nakiri. Kofia niliificha mimi ili nipate sababu ya kwenda. Ufunguo niliuchomoa mimi. Swichi niliishusha mimi, kisha nikaweka sikio kwenye mlango wa lifti, maana niliona baba hatamaliza ghorofa saba mpaka wale wawili waongee, na mtu kama meneja haongei akiwa na njia ya kuondoka. Nilipanga dakika tano. Nilijiona mwerevu sana. Kitu ambacho sikukipanga ni ile dakika ya kwanza, ambapo sikusikia chochote, hata pumzi moja. Nilirudi mbio kwenye kisanduku nikataka kuipandisha swichi, mkono ukakataa, ukawa unatetemeka tu. Kama meneja asingeuliza "Upo?" sijui ningekuwa wapi sasa. Sina upande wowote, niliandika pale mwanzo. Nilikuwa na upande. Ulikuwa ndani ya lifti.

Mama alimwita baba. Baba alikaa kwenye kiti cha wateja akasoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, bila kuinua kichwa, na hakucheka hata pale pa mteja wa suruali. Alipofika mwisho alilifunga. Akavua kofia, akaiweka juu yake. Akanitazama mashavu.

"Pumua kwanza," alisema. "Ukimaliza, nina la kukuambia."

Navuta kwa nne, natoa kwa sita. Sina haraka hata kidogo ya kumaliza.